Hali ya Hewa ya Harusi ya Da Rukaiya

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Nimepata kazi! Na si kazi ya kubeba matenga ya dagaa. Kazi ya kitaalamu. Kuanzia leo mie Nassibu, niliyeacha shule kidato cha pili (shule ndiyo iliyoniacha, lakini tusichimbuane), ni msoma vipimo vya hali ya hewa ndani ya boti ya mradi wa uvuvi. Mudathir muuza barafu, mshindani wangu wa siku zote, alikuwepo pale pwani ya Mbweni wakati naajiriwa. Uso ulimshuka kama chapati iliyotoka mkononi. Raha!

Boti inaitwa Kolekole. Ya faiba, nyeupe, imetia nanga karibu tu, maji yakipwa unaifuata kwa miguu. Juu ya mlingoti kuna vikombe vitatu vinavyofukuzana: vinapima upepo. Nyuma kuna sanduku jeupe lenye mbavu kama dirisha la luva, na ndani yake vidude viwili mfano wa vidole. Kimoja kinapima joto, kingine unyevu. Cha mgandamizo wa hewa kiko chumbani. Nyaya zote zinaishia kwenye kioo kidogo chenye tarakimu. Bosi wangu, Bwana Leonardi, mtu wa Masasi mwenye miwani mizito na kofia ya ukindu, anaviita vihisi. Kanieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji: unyevu ukipanda na mgandamizo ukishuka, mvua iko njiani. Nikaitikia sana. Mgandamizo ni neno la watu waliomaliza kidato cha nne. Mie nitaangalia unyevu, inatosha.

Kanionya: sanduku jeupe lisiguswe. Lazima lipitishe hewa, ndani pawe na kivuli daima. Nikamwambia shaka ondoa bosi, mkono wangu hautaingia humo hata kwa dawa.

Kaondoka. Nikaingiza mkono. Jamani! Kumepoa kama msikitini. Akili ikaanza kuchemka papo hapo.

Jioni nikapeleka habari nyumbani Bunju. Mama akasema alhamdulillahi, kisha akaniuliza ni lini nitafukuzwa. Da Rukaiya peke yake ndiye aliyeruka na kunikumbatia. Anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tisa. Kaposwa zamani na bwana mmoja aliyeenda Mwanza akaoa hukohuko, na majirani wakacheka wee mpaka wakachoka. Sasa kampata Sadallah, seremala wa Manzese, mtu mpole. Ombi lake da Rukaiya ni moja tu. Akae uwanjani. Nje! Kwenye kiti kilichopambwa, kila aliyecheka apite mbele yake amwone. Hataki harusi ya kujificha chumbani.

Jumatano, 9 Novemba

Dili limejipa. Nimefuata barafu za ukwaju, zile za vifuko vya nailoni, Tegeta kwa Mama Elinaza mwenye friji, nimezifukia kwenye maranda yaliyoloweshwa, na zote nimezisweka ndani ya sanduku jeupe. Vile vihisi viwili vimekaa katikati yake kama wageni wa heshima. Maranda kanipa shemeji mtarajiwa, Sadallah. Gunia zima! Hakuuliza ya nini. Ndiyo maana nampenda.

Wavuvi wakarudi na jua la mchana. Barafu zangu bado barafu! Mudathir naye anauza, lakini zake anazibeba kwenye ndoo, zikifika pwani zimeshakuwa mchuzi. Kawaona wateja wake wakija kwangu, maji yakiwafika kiunoni. Kapiga kelele eti boti ya mradi imegeuzwa genge. Nikamwambia braza, wivu hauna dawa hospitali, na soko siku hizi ni huria, hata redio inasema.

Nikasoma kioo. Unyevu: tisini na kitu. Joto: la chini, kama la Lushoto. Nikatazama juu. Mbingu safi kama sahani iliyorambwa. Kwa maelezo ya Bwana Leonardi mvua ilitakiwa inidondokee utosini. Nikaandika namba kama zilivyo. Mie mkweli bwana.

Ijumaa, 11 Novemba

Kioo kinasema unyevu. Tena na tena. Mvua haiji. Kila kikisema maji, jua linapasua mawe. Nimeigundua siri ya mashine hii: inasema kinyume! Kama mke wa jirani yetu Mzee Hija, ukimsikia anakwambia karibu ujue ondoka. Nimeipa jina: Kanuni ya Nassibu. Unyevu juu, jua kali.

Na imekuja wakati wake. Nimefika nyumbani nikamkuta Mzee Mwinshehe uwanjani, anapima kwa fimbo. Huyu ndiye mfunga mvua wa sehemu zote hizi mpaka Boko, na ni babu yake Mudathir, sifa anayoivaa Mudathir kama saa. Hakuna harusi ya vuli bila yeye. Mzee huwa haogi tangu siku ya kuamkia shughuli mpaka mgeni wa mwisho aondoke, anafunga fundo kwenye kaniki, anazika anachojua yeye kwenye pembe ya uwanja. Na ana masharti: lazima yakodiwe maturubai yake mawili makubwa, lazima uchimbwe mfereji kuzunguka uwanja, na vyungu vya pilau vikae chini ya paa.

Nikampa shikamoo. Nikamuuliza kwa heshima zote: babu, kama mvua umeifunga, turubai la nini na mfereji wa nini?

Akanitazama kwa utulivu. Akasema mjukuu wangu, hata mbuzi akishafungwa, humwanikii mahindi karibu.

Watu wakacheka! Wajomba wakacheka. Mudathir akacheka akishika mti. Mama yangu mzazi akacheka kwa upande wa khanga. Damu ikanipanda. Nikasimama juu ya kinu. Nikatangaza kwamba mwaka huu ni tisini na nne, televisheni imeingia mjini, na mie nafanya kazi kwenye boti yenye vihisi vya umeme. Siku ya harusi nitasoma mashine alfajiri na nitawaambia mapema. Hakuna haja ya kufunga. Hakuna haja ya kaniki. Jua litawaka mpaka mtaomba maji.

Mjomba akasema yule mtoto ashuke kwenye kinu kabla hakijapasuka. Mama akasema Nassibu usituletee balaa.

Hapo sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. Da Rukaiya. Akasema mwacheni. Mie namwamini mdogo wangu. Nani hapa mwingine anasoma mashine?

Mwenye harusi kasema. Mzee Mwinshehe hakuchukia. Akasema basi maturubai atawapa watu wa Boko, nao wana shughuli siku hiyohiyo na wamemsumbua sana. Nikamwambia wachukue babu. Wachukue na fito zake.

Nimeshinda! Mbona sina njaa, sijui.

Jumapili, 13 Novemba

Siku ya nuksi. Siyo kosa langu.

Nimenunua shati la mitumba kwa ajili ya harusi. Jeupe, kola ndefu kama masikio ya sungura. Bomba! Nikalifua, na pa kulianika pazuri kuliko mlingoti wa Kolekole pako wapi? Nikalipandisha. Nikalala kidogo.

Kumbe mkono wa shati umevikumbatia vile vikombe vitatu. Vimesimama tuli kama watoto wa madrasa waliomwona mwalimu.

Bwana Leonardi akaja, anataka twende mpaka karibu na Mbudya kujaribu mitambo. Akaniuliza upepo vipi. Nikasoma kioo kwa sauti ya mtangazaji: upepo, sifuri. Bahari, shwari. Wakati nasema hivyo ile kofia yake ya ukindu ikamtoka kichwani, ikaruka juu ya maji, ikatua, ikaondoka zake kuelekea Unguja. Tukaisindikiza kwa macho wote wawili. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Sifuri.

Akatazama juu. Shati langu lilikuwa linapunga mkono uliobaki kama mtu anayezama.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba ile kofia alishonewa na marehemu mama yake. Nikasema pole bosi. Sauti ikatoka ndogo. Shati limechanika kwapani. Nitakuwa nimebana mikono siku nzima ya harusi.

Jumanne, 15 Novemba

Bwana Leonardi kaja mbio mchangani, viatu mkononi. Nikajua barafu zimegundulika. Nikatayarisha uongo wa aina tatu.

Kumbe ana furaha! Karatasi zangu za namba kazipeleka kwa wakubwa wake mjini, wakashangaa. Kila mchana, jua likiwa kali, hapa ilipo Kolekole kunatokea ubaridi usioelezeka. Boti za Kunduchi hazina. Wanadhani huenda maji baridi yanapanda kutoka chini kabisa ya bahari, na maji ya namna hiyo huleta samaki. Mgeni kutoka kwa hao wakubwa atakuja Jumatatu kujionea. Akaniuliza mie nikaaye humo kutwa, sijahisi lolote? Nikajibu nahisi kwenye mifupa, bosi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema miaka yote aliyofanya kazi hajawahi kugundua kitu.

Nikataka kusema. Mdomo ukafunguka kabisa. Niseme ni barafu zangu? Hapana. Ukafunga.

Kidogo roho iliniuma. Kisha wavuvi wakafika, wana kiu.

Alhamisi, 17 Novemba

Nyumba imejaa shangazi. Hakuna pa kukaa ambapo hujakalia hina ya mtu. Da Rukaiya kapakwa mikono na miguu, kanyooshwa kama samaki wa kuanikwa, haruhusiwi kujikuna. Nikamkuna mie. Ndiyo kazi ya mdogo mtu.

Nikamletea barafu ya ukwaju moja, nikaikata kwa meno nusu kwa nusu. Hivi ndivyo tulivyokuwaga tukifanya utotoni, Mama akiwa shambani na yeye ndiye mama. Nusu kubwa alikuwa ananipa mie, kisha anadai ameshiba. Leo nikampa yeye nusu kubwa. Akacheka, akasema mdogo wangu umekuwa.

Akanipa jukumu. Jumamosi jioni, Sadallah akija chumbani kumchukua mkewe, atakayesimama mlangoni kumzuia mpaka atoe kitu ni mie. Siyo mjomba. Siyo mtoto wa shangazi. Mie. Nimeshapanga maneno. Nitamwambia shemeji, mlango huu haujui maranda, unajua heshima. Nitamtesa mpaka wanawake wamwonee huruma!

Nilipokuwa natoka akaniita tena, sauti ya chini. Nassibu, kweli haitanyesha?

Nikamwambia dada, ikinyesha ninyoe kichwa kwa kigae.

Njiani nikakutana na Mudathir. Kasema mfereji hajachelewa kuuchimba, jembe analo. Nikamwambia akalimie mihogo.

Ijumaa, 18 Novemba

Leo sanduku nimelitoa kila kitu. Barafu zote nimezigawa kwa watoto wa harusini, bure kabisa, nikaitwa bwana mkubwa. Maranda nimeyakung'uta baharini. Nimefuta kwa kitambaa mpaka kwenye mbavu, maana mgeni wa Bwana Leonardi anakuja Jumatatu na sitaki akute ukwaju. Hamna hata chembe. Safi kama siku ya kwanza.

Mchana kioo kikasema unyevu wa kati, joto la kawaida. Ajabu. Mashine imenyamaza. Itakuwa inafikiri.

Jumamosi, 19 Novemba, alfajiri

Nimo Kolekole. Shati nimevaa, mikono nimebana. Nimesoma kioo. Unyevu: tisini na saba! Haijawahi kufika huko! Na sanduku tupu, nimefuta mwenyewe. Kwa hiyo mashine ni ileile na tabia ileile. Kanuni ya Nassibu: unyevu wa namna hii, leo jua litayeyusha lami ya Bagamoyo Road. Lile neno refu, mgandamizo, nalo limeporomoka toka jana, lakini hilo sijalisomea.

Kule juu ya Mbudya kuna wingu limesimama. Jeusi jeusi. La kupita.

Nakwenda kuwaambia waweke viti nje.

Jumapili, 20 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi jua liliwaka kweli. Nilitembea uwanjani kama mwenye nchi. Nikawaambia wapishi vyungu wavitoe nje, wasivute moshi ndani. Wakavitoa. Kiti cha da Rukaiya kikawekwa katikati, nyuma yake mapazia, mbele zulia la kuazima. Ndoa ikafungwa salama. Adhuhuri ikapita, da Rukaiya akatoka.

Sijawahi kumwona vile. Gauni jeupe la kukodi Kariakoo, hina mpaka kwenye viwiko. Alikaa akatazama mbele, na wale waliocheka wakapita mmojammoja, wakiinama kumpa mkono. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Akaniona. Akanikonyeza!

Hapo tone la kwanza likaniangukia puani.

Siyo mvua ile. Ni bahari iliyokosea njia. Hakuna turubai. Hakuna mfereji. Maji yaliteremka kutoka barabarani yakaingia uwanjani kama wageni waalikwa. Moto wa pilau ukazimika, chungu kimoja kikaelea, shangazi akakifukuza kwa mwiko. Mapazia yakaanguka. Watu wakakimbilia kibarazani kisichotosha hata kuku. Na da Rukaiya pale kwenye kiti. Gauni limemnata, wanja umemshuka mpaka kidevuni, zulia chini yake limekuwa uji. Hawezi kuinuka, kitambaa kimenasa kwenye misumari ya kiti. Anageuza kichwa huku na huku.

Alikuwa ananitafuta. Najua. Siyo kunigombeza. Alikuwa anataka mtu.

Na mie nikakimbia.

Nimeandika. Basi. Nikakimbia. Nilijiambia nakwenda kuangalia mashine, labda kuna namba niliisoma vibaya, labda nikirekebisha kitu itakatika. Nikakimbia kutoka Bunju mpaka Mbweni kwenye mvua, na shati likichanika kwapa la pili. Nikapanda Kolekole. Nikakaa mbele ya kioo. Kioo kikasema tisini na tisa. Kilikuwa kinasema kweli, na nje palikuwa panasema vilevile.

Nikakaa humo mpaka ikakatika. Nikaona haya kurudi. Nikakaa tena.

Niliporudi jua linazama na da Rukaiya ameshaondoka.

Shangazi ndiye aliyenisimulia, huku anakamua khanga. Eti Mudathir alirukia uwanjani na mkeka, akamfunika da Rukaiya kichwani, akasimama vile wakati Sadallah analinasua gauni misumarini. Kisha Mudathir huyohuyo akachukua jembe akachimba mfereji, mvua ikimpiga mgongoni. Mzee Mwinshehe, aliyekuja kama mgeni tu, akamwongoza mama kuhamisha vyungu. Kilichookolewa kikaliwa. Wakaimba ndani, wamebanana.

Na jioni, Sadallah alipokwenda mlangoni, wakaniita. Nassibu! Nassibu yuko wapi? Da Rukaiya alisema wasubiri. Wakasubiri. Akasema wasubiri tena kidogo. Mwishowe wakamsimamisha Mudathir.

Alisema nini mlangoni, nikauliza. Shangazi akasema hakusema kitu, yule kijana ana haya, alisimama tu mpaka bwana harusi akatoa.

Maneno yangu yote mazuri. Mlango huu haujui maranda. Nani atayasikia sasa?

Jumanne, 22 Novemba

Jana mgeni wa Bwana Leonardi alikuja. Akakaa mchana kutwa na kipimajoto chake cha mkononi. Ubaridi haukutokea. Sanduku lilikuwa tupu, ungetokea wapi? Akaondoka amekunja uso. Leo Bwana Leonardi kafungua sanduku peke yake, akachokonoa kwenye mbavu kwa msumari. Akatoa randa moja. Na kijinailoni kimoja kimenata, chekundu cha ukwaju. Nilikuwa nimekisahau.

Akakinusa.

Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu Jumatano ile. Akakaa ukingoni mwa boti, mgongo umepinda, kichwa wazi hakina kofia. Kisha akanieleza. Kwa upole, ndiyo mbaya. Kwamba barafu na maranda yaliyolowa ndivyo vilivyofanya kihisi kione unyevu na ubaridi kila siku. Kwamba mashine haikuwahi kusema kinyume. Ilisema ilichowekewa. Na Jumamosi, nilipokuwa nimeshaitoa barafu, ilisema mvua kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Nikamuuliza kama atapata matatizo kwa wakubwa. Akasema atapata. Lakini akasema zaidi anasikitikia ule usiku mmoja aliomwambia mkewe, Anjelina, kwamba amegundua kitu.

Nimefukuzwa. Nikamwomba radhi. Nikamaanisha. Akanipa mkono, kama siku ile, lakini mmoja.

Nilipita pale anapouzia Mudathir. Nikajua atanicheka, nikakaza tumbo. Hakucheka. Akanipa barafu ya ndooni, nusu maji. Akasema eti pole. Ningependa angecheka.

Alhamisi, 24 Novemba

Sadallah kaja! Kaja peke yake na baiskeli yake, kaleta salamu za mkewe. Mkewe! Da Rukaiya hajambo. Mafua kidogo. Nikauliza kwa kutazama chini kama kasema lolote kuhusu mie. Sadallah akasema kasema mambo mawili. La kwanza, kwamba mlangoni alinisubiri. La pili, kwamba Jumamosi ya tarehe tatu wazazi wa Sadallah wanamfanyia sherehe ya kumpokea kule Manzese, uwanjani, na safari hii anataka kukaa nje mpaka amalize. Nisikose. Na nije na barafu za ukwaju, nyingi, maana kawasifia wifi zake.

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo. Vumbi.

Basi nikalala chali nikafikiri. Nikafikiri kama sijawahi kufikiri. Maneno ya Bwana Leonardi nayakumbuka yote, na Bwana Leonardi ni msomi, hasemi ovyo. Tangu Jumatano ile mpaka Ijumaa barafu ilikuwemo sandukuni. Mvua? Haikunyesha hata tone. Ijumaa nikatoa barafu. Jumamosi? Gharika!

Nikaruka nikasimama. Kumbe! Si mashine. Ni barafu! Barafu ndiyo iliyokuwa imeifunga mvua wakati wote, na mie mwenyewe kwa mikono yangu ndiye niliyeifungua! Mtaalamu mzima na miwani yake kalitamka mbele yangu na hakuliona. Mzee Mwinshehe na kaniki yake, miaka yote hiyo, haogi bure.

Nimeshapanga. Sanduku la luva nitaunda mwenyewe, maranda ya Sadallah, barafu za Mama Elinaza, naliweka kwenye pembe ya uwanja alfajiri, halifunguliwi mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Da Rukaiya hatapatwa na tone. Nitasimama karibu yake tangu mwanzo mpaka mwisho, sitaondoka, naapa. Nitafidia.

Nimemkimbilia Sadallah nikamkuta njia panda ya Boko, amesimama anarudisha mnyororo wa baiskeli uliochomoka. Nikamwambia shemeji, hali ya hewa niachie mie. Akasema baba yake ameshazungumza na Mzee Mwinshehe kuhusu maturubai. Nikamwambia asisumbuke, ayarudishe.

Akanitazama sana. Kisha akasema sawa shemeji, maana Rukaiya kasema nisikuvunje moyo.

Juu ya Tegeta kuna wingu. La kupita tu.